Saa Iko kwa Fundi

Kwa miaka miwili nilikuwa nikimwambia baba kwamba saa iko kwa fundi.

Ukiwajua mafundi wa saa wa Nairobi, huu si uongo wa kushtua. Wale wenye meza ndogo za kioo kwenye ngazi za majengo ya River Road, lenzi jichoni, wanaweza kukaa na kitu chako mpaka wewe mwenyewe usahau kwamba ulikuwa nacho. Baba alielewa. "Wale watu ndivyo walivyo," aliniambia kwenye simu. Shida ni kwamba saa haikuwa kwa fundi. Niliiuza kwa shilingi 3,500, wiki ile msimamizi wa ploti alipoongeza kufuli yake juu ya kufuli yangu.

Ilikuwa Seiko 5 ya uso wa buluu, aina isiyo na betri, inayojitia ufunguo kwa mtikisiko wa mkono. Baba aliivaa miaka yote aliyofanya kazi ya reli, na asubuhi niliyokuwa naenda kuripoti chuo aliivua, akanifunga mkononi pale stendi ya Voi bila kusema kitu. Mwaka wa tatu karo ikanishinda. Nikaambia nyumbani nimeahirisha muhula mmoja tu. Muhula huo haujaisha mpaka leo.

Na kazi iliyonilisha baada ya kuuza saa, cheka tu, ilikuwa kuandika kuhusu saa. Nilipata mteja wa ng'ambo anayeuza saa za kifahari zilizokwisha kuvaliwa. Dola 15 kwa makala ya maneno elfu moja, na jina langu halitokei popote. Mimi, ambaye Rolex ya pekee niliyowahi kugusa ni zile feki za mtaani ambazo mshale wa sekunde unaruka tik, tik, tik, nikawa ndiye ninayewaeleza matajiri wanunue ipi.

Nilisoma kama mtu aliye na mtihani kesho. Hadithi ya kwanza niliyoandika ilikuwa ya mwaka 1927. Hans Wilsdorf, mwanzilishi wa Rolex, alimpa mwogeleaji Mwingereza Mercedes Gleitze saa aivae shingoni akivuka bahari kati ya Ufaransa na Uingereza. Wengi wanaoisimulia hukuachia wazo kwamba alivuka nayo. Ukweli ni kwamba alikuwa ameshavuka wiki mbili kabla, bila saa hiyo. Kisha mwanamke mwingine akadai kwamba naye amevuka, ikaja kujulikana alidanganya, na sasa hata Gleitze akaanza kutiliwa shaka. Akarudi majini ili aaminike. Safari hii baridi ilimlemea, na baada ya zaidi ya masaa kumi akatolewa kabla ya kufika. Saa ilikuwa bado inatembea. Wilsdorf akanunua ukurasa wa mbele wa gazeti la Daily Mail kuutangazia ulimwengu saa isiyoingia maji.

Mteja aliniambia niitoe ile sehemu ya kushindwa. Nikaitoa. Nilikuwa na uzoefu.

Lakini kilichonishika kabisa ni miaka ya sabini. Siku ya Krismasi ya 1969, Seiko walitoa Astron, saa ya kwanza ya mkononi ya kwatzi kuuzwa madukani, saa ya betri yenye usahihi ambao saa za magurudumu za Waswisi hazingeweza kuufikia. Ilianza kwa bei ya gari dogo, ila teknolojia hiyo ilishuka bei haraka. Viwanda vya Uswisi vilikuwa na wafanyakazi kama 90,000 mwaka 1970. Kufika katikati ya miaka ya themanini walibaki karibu theluthi moja. Sasa jiulize: kama kazi ya saa ni kusema saa, na saa ya bei ya nyama kilo mbili inasema kweli kukushinda, wewe utauza nini?

Audemars Piguet walijibu mwaka 1972. Walimpa Gérald Genta kazi ya kuchora Royal Oak, saa ya chuma yenye skrubu nje kama mtambo wa meli, wakaiwekea faranga 3,300, bei iliyozipita saa nyingi za dhahabu. Watu walidhani wamechanganyikiwa. Leo ndiyo saa inayoibeba kampuni. Bei ikageuka kuwa sehemu ya bidhaa yenyewe.

Ukishafika hapo, hatua inayofuata ni kumnyima mnunuzi. Mtu ana pesa taslimu, anaingia dukani, anaiona Rolex ya chuma chini ya kioo, anaambiwa hiyo ni ya maonyesho tu, aache jina lake. Wapenzi wa saa hulalamika usiku kucha kwamba lazima kwanza ununue vitu usivyovitaka ili muuzaji akukumbuke. Halafu wanaacha jina. Ni hesabu ya ile klabu ya Westlands yenye foleni nje na meza tupu ndani. Mwaka 2021 Patek Philippe walitangaza kuacha kutengeneza Nautilus 5711, saa ambayo kila mtu alikuwa anaitaka, kisha wakatoa 170 za kuagia, zenye uso wa rangi ya Tiffany. Moja ilipigwa mnada New York mwezi Desemba kwa dola milioni 6.5. Nilipoandika hilo nilikuwa nimekalia kreti, stima imeisha tokeni.

Wapenzi hawa wana ukali wao. Hublot, wale ambao kibao cha refa wa nne kwenye Kombe la Dunia kilitengenezwa kwa umbo la saa yao, huwacheka wazi kwamba wanauza kelele. Rolex humheshimu fundi wake huku wakimdharau mvaaji wake. Na katika watu hao hao, wenye saa za mamilioni kabatini, unajua ni saa gani husifiwa bila masharti? Seiko 5. Imekuwepo tangu 1963, kitasa chake kimefichwa pale kwenye nambari nne ili kisikuchome mkono, na haikudai uwe mtu fulani ndipo uivae. Niliyasoma haya miezi minne baada ya kuuza ya kwangu.

Nilirudi kwa yule niliyemuuzia. Haikuwepo, bila shaka. Alinionyesha nyingine ya buluu, 4,500. Nilisimama nayo mkononi kwa muda mrefu. Ya baba ilikuwa na mkwaruzo karibu na nambari nane, aliougonga kwenye mlango wa behewa. Kusema kweli nilifikiria kama ningeweza kuuchora kwa msumari.

Kisha mteja akaniagiza makala kuhusu matangazo ya Patek, yale yaliyoanza 1996: baba na mwana, mama na binti, na lile wazo kwamba saa yao huwi mwenyewe wake hasa, unaitunzia tu kizazi kijacho. Niliandika maneno 1,200 usiku mmoja. Niliandika kuhusu baba anayevua saa na kumfunga mwanawe mkononi, jinsi chuma kinavyokuja kikiwa bado na joto la mtu mwingine. Sikubuni kitu. Ndiyo makala bora niliyowahi kuuza; mteja aliniongezea dola tano. Matangazo hayo hayamwonyeshi mtoto akidaiwa kodi.

Desemba iliyopita nilipanda treni mpaka Voi. Nilikuwa nimevaa shati la mikono mirefu, na Voi ya Desemba haina baridi ya kukutetea. Jioni tukiwa nje baba aliuliza, kama kawaida, kama fundi ameshapata hicho kipuri.

"Baba, niliiuza."

Alinyamaza. Akauliza niliuza ngapi. Nikamwambia.

"Elfu tatu na mia tano? Walikuona mjinga."

Nikaanza kuomba msamaha, nikaingia kwenye mambo ya chuo, yakatoka yote pamoja, vibaya. Alinisikiliza huku akikoroga chai ambayo sukari ilishayeyuka zamani. Nilipomaliza, aliniambia kitu ambacho sikuwahi kukisikia nyumbani kwetu: kwamba yeye naye hakuinunua dukani. Aliichukua kwa mwenzake wa kazi Mombasa, mwaka 1986. Mwenzake alikuwa na shida, na baba hakumuuliza ni shida gani. Walikubaliana kwamba akipata pesa atakuja kuikomboa.

"Alikuja?" nikauliza.

"Alikuja. Baada ya mwaka, na pesa zote mkononi."

"Ukamwambiaje?"

Baba alitazama upande wa reli.

"Nilimwambia iko kwa fundi."