Joto la Kaloleni na siri ya pangaboi

Mpenzi msomaji, ikiwa hujapata kufika Kaloleni, safari si ndefu. Ukitoka Mombasa, shika barabara kuu ya Nairobi hadi Mazeras, kisha pinda kulia. Utapita Rabai, mahali ambapo Ludwig Krapf na Johannes Rebmann walifungua misheni yao mwaka 1846, na kuanzia hapo barabara itakupandisha na kukuteremsha vilimani katikati ya minazi. Minazi mbele, minazi nyuma, minazi kulia na kushoto. Kama watokea Nairobi, huna haja ya kufika Mombasa kwanza. Shukia Mariakani, utapata njia ya kukufikisha Kaloleni na, ukitaka kuendelea, hadi Mavueni karibu na mji wa Kilifi.

Hii ni nchi ya Wagiriama, na jirani zao ni Warabai, Waribe, Wakambe, Wajibana na Wachonyi. Mnazi ndio benki ya wengi huku. Hutoa nazi, hutoa mbata, hutoa makuti ya kuezekea, na hutoa tembo ambalo wagema hupanda kulitega asubuhi na jioni. Si mbali na hapa iko Kaya Fungo, makao ya kale ya Wagiriama, ambayo pamoja na kaya nyingine za Mijikenda iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008.

Lakini leo sikukuiti kwa ajili ya tembo wala historia. Nakuita tuzungumze juu ya joto, na pesa ambazo joto hilo hututoa mifukoni.

Ukija wakati wa kusi, mnamo Julai au Agosti, huenda ukaniona mwongo. Upepo wa bahari hupanda mpaka mwinukoni na usiku ukajitanda shuka. Njoo basi wakati wa kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi, majira ambayo jamaa wengi wa mjini huenda mashambani kwa sikukuu. Mombasa, ambako vipimo vya hewa vimewekwa kwa miaka mingi, joto la mchana mwezi wa Machi hukaribia nyuzi 33 za sentigredi, na usiku kwa kawaida hushuka hadi kama 24 tu. Taabu kubwa zaidi ni unyevu. Hewa imejaa maji, jasho halikauki, na mtoto hugeuka kitandani mpaka alfajiri. Kesho yake asinzia darasani, na mama yake asinzia kazini.

Wazee wa Kaloleni walikuwa na dawa yao. Tazama nyumba ya makuti utakayoiona kando ya barabara. Paa lake ni nene, limesukwa tabaka juu ya tabaka, na jua haliwezi kulipenya upesi. Kati ya ukuta na paa pameachwa mwanya, hewa ya moto hupanda ikatokea huko, na hewa mpya ikaingia mlangoni. Mbele ya nyumba pana mwembe au mkorosho wa kivuli. Hapana waya wala swichi, na bado mtu hulala.

Siku hizi mabati yamechukua nafasi ya makuti katika nyumba nyingi, na wenye nyumba hawana lawama. Makuti yataka kubadilishwa kila baada ya miaka michache, na cheche moja ya moto yatosha kuyamaliza. Bati hudumu, na maji ya mvua huvunwa juu yake yakiwa safi. Ila bati lina deni lake. Hunywa jua mchana kutwa, kisha hutapika joto hilo chumbani. Ndipo familia, hasa baada ya nguzo za stima kuenea vijijini chini ya mpango wa serikali ulioanza mwaka 2015, zikaanza kuulizana: tununue pangaboi au kiyoyozi?

Neno pangaboi lenyewe lina safari ndefu. Huko India zamani, kitambaa kipana kilitundikwa darini, na mtumishi akakaa pembeni akikivuta kwa kamba ili bwana apate upepo. Kitambaa hicho ni panka, na Waingereza walimwita mvutaji wake boi wa panka. Kazi ya boi ikachukuliwa na mota ya umeme, lakini jina likabaki kwetu pwani. Wengine husema panka, wengine feni.

Sasa sikiliza siri yake, msomaji, kwa kuwa watu wengi wa mjini hawaijui. Pangaboi halipozi chumba. Ukiweka kipimajoto mezani na kuliwasha, nyuzi hazitashuka hata moja. Linachopoza ni mtu. Mwili wako umezungukwa na tabaka jembamba la hewa ya moto na jasho. Upepo huliondoa tabaka hilo, jasho likakauka, na jasho likaukapo huchukua joto la mwili. Kwa hiyo kuliacha likizunguka katika chumba kisicho na mtu ni kumpepea kiti.

Kiyoyozi ni kazi nyingine. Chenyewe hunyonya joto na unyevu wa chumba na kuvitupa nje, na ili kifaulu lazima madirisha yafungwe. Kazi hiyo ni nzito, na uzito wake huonekana kwenye tokeni. Hebu tupige hesabu pamoja. Pangaboi la kawaida hula kama wati 60. Kwa usiku wa saa 8 hiyo ni nusu uniti hivi, yaani uniti 15 kwa mwezi. Kiyoyozi kidogo cha chumba kimoja hula kama wati 1,000 mashine yake ikiwa kazini. Hata tukisema hupumzika mara kwa mara na kutumia uniti 5 tu kwa usiku, kwa mwezi hizo ni uniti 150, kabla hujahesabu jokofu, pasi, taa na televisheni.

Hesabu hiyo ina jambo jingine ndani yake. Bei za umeme zilizoanza nchini Kenya mwezi wa Aprili 2023 ziliwagawa wateja wa nyumbani katika mafungu matatu: wasiozidi uniti 30 kwa mwezi, wasiozidi 100, na wanaopita hapo. Kadiri upandavyo fungu ndivyo uniti moja inavyokuwa ghali. Kwa hiyo kiyoyozi peke yake chaweza kuipeleka familia nzima katika fungu la juu, na ikawa hata balbu ya jikoni yalipiwa bei ya wakubwa.

Je, mwenye kiyoyozi akitupe? La, hasha. Kuna vyumba vyenye mgonjwa au mzee dhaifu, na kuna usiku wa Machi ambao upepo peke yake hautoshi. Shauri langu ni kwamba viwili hivi vifanye kazi pamoja, kila kimoja kwa nafasi yake. Watu wengi hukiweka kiyoyozi nyuzi 22, kisha usiku wa manane wakajifunika blanketi. Kipandishe hadi nyuzi 26 na uwashe pangaboi polepole. Ngozi yako itahisi baridi ileile, kwa sababu kiyoyozi kimekausha hewa na pangaboi laipeleka mwilini.

Lakini angalia sana hapa. Ukiwasha pangaboi bila kuigusa rimoti ya kiyoyozi, hujaokoa kitu. Umeongeza nusu uniti juu ya zile tano. Faida hutoka katika zile nyuzi ulizopandisha. Idara ya serikali ya India inayosimamia matumizi bora ya umeme ilikadiria kwamba kila nyuzi moja huokoa takriban asilimia 6, na kuanzia Januari 2020 nchi hiyo iliagiza viyoyozi vya vyumbani vitoke kiwandani vikiwa vimewekwa nyuzi 24. Wajapani walitangulia. Mwaka 2005 serikali yao iliomba ofisi zisishushe joto chini ya nyuzi 28 wakati wa kiangazi, na wafanyakazi wakaruhusiwa kuvua tai na koti. Ikiwa matajiri hao wahesabu nyuzi moja moja, sisi tunaonunua tokeni za shilingi mia tuna nini?

Liko jambo bora zaidi. Kiyoyozi kina saa yake ndani ya rimoti. Kiwashe unapoingia kulala na ukitegee kizime baada ya saa 3, pangaboi likiendelea hadi asubuhi. Chumba kitakuwa kimekwisha kauka na kupoa, na kazi ya kukutunza usingizini itafanywa na zile wati 60. Kwa mfano wetu, uniti 5 na nusu za usiku zaweza kushuka hadi karibu 3. Bandu bandu huisha gogo.

Kwa aliye Kaloleni, ambako nyumba nyingi hazina kiyoyozi kabisa, pangaboi lina faida moja ambayo haimo katika bili. Hii ni nchi ya mbu. Si bure kwamba Kilifi ndiko kulikowekwa, mwaka 1989, kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust, ambacho malaria imekuwa miongoni mwa kazi zake kubwa. Mzazi yeyote wa pwani anajua kisa hiki: chandarua kimetundikwa vizuri, na usiku mtoto akitoa kwa miguu kwa sababu ya joto. Kitambaa cha chandarua hupunguza upepo, kweli, lakini pangaboi likiwa juu yake mtoto huvumilia kulala ndani. Upepo huo wa nusu uniti humlinda usingizi, na pia humlinda afya.

Kabla hujakimbilia dukani, yakumbuke machache. Chini ya bati lisilo na silingi, pangaboi mchana litakuteremshia hewa ya moto iliyokusanyika juu. Anza na silingi, na uache matundu ya kutokea joto. Lifungwe na fundi anayejua, kwenye boriti imara, na mapanga yake yawe zaidi ya mita mbili kutoka sakafuni. Jioni, hewa ya nje inapokuwa baridi kuliko ya ndani, fungua madirisha ya pande mbili ili upepo upite. Kisha simama chini ya pangaboi usikie kama upepo wakushukia; usiposhuka, huenda linazunguka kinyume. Na mwembe ulio upande wa magharibi usiukate, kwani ndio unaokuzuilia jua la alasiri, saa ambazo bati hupata moto mkali.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kiyoyozi tumekisifu mno mjini, kikatutilia maji kwenye mishahara. Basi ukipata likizo, panda gari uende Kaloleni ukakae kitako chini ya paa la makuti saa nane za mchana. Utaona kwamba hewa ikipewa njia ya kuingia na ya kutoka, hufanya kazi kubwa bila malipo. Inayobaki mpe pangaboi. Na ile itakayolishinda pangaboi, hiyo tu ndiyo ya kiyoyozi.