Mali Bila Daftari Hupotea Bila Habari

Ndugu msomaji, yawezekana nawe unao mswada sandukuni: masimulizi ya babu, historia ya kigango chenu, au mashairi yako mwenyewe. Tena yawezekana hakuna kampuni ya vitabu iliyoutaka. Basi, wafanyaje? Waweza kuutoa mwenyewe, kwa fedha yako. Mimi ni karani wa parokia huku Tanga, na hivi sasa natoa kitabu kidogo cha ngano za pwani yetu. Neno langu kwako ni moja: kuandika kitabu ni kazi ya mtunzi, lakini kukitoa ni kazi ya karani.

Shaaban Robert, mwana wa Tanga hii, aliziweza zote mbili. Alizaliwa mwaka 1909 kule Vibambani, akawa karani wa serikali kwa miaka mingi. Baadhi ya vitabu vyake vilitolewa na kampuni kubwa, na vingine alivitoa mwenyewe hapa Tanga kwa jina la Art and Literature. Alifariki mwaka 1962, lakini Kufikirika kilitoka mwaka 1967, na Siku ya Watenzi Wote mwaka 1968. Barua alizompelekea mdogo wake, Yusuf Ulenge, tangu mwaka 1931 hadi 1958, zilichapwa kitabu mwaka 2002. Fikiri, msomaji: zisingetufikia kama zisingetunzwa. Karatasi iliyowekwa vema huishi kuliko mwandishi wake.

Kwa hiyo nunua daftari moja gumu, uligawe sehemu nne.

Sehemu ya kwanza ni ya mswada. Kila unaposahihisha, andika tarehe na namba. Mswada wa mwisho uwe mmoja tu, na nakala yake ikae nyumba nyingine, maana mvua na mchwa hawajui kusoma.

Sehemu ya pili ni ya kiwanda cha chapa. Andika bei mliyopatana, idadi ya nakala, aina ya karatasi na siku ya kumaliza, kisha nyote wawili mtie sahihi. Uliza pia habari za kurasa. Mara nyingi karatasi kubwa hukunjwa ikatoa kurasa 16, hivyo kitabu cha kurasa 64 hutimia bila hasara, na cha kurasa 66 huleta gharama. Humo humo andika namba ya kitabu iitwayo ISBN, yenye tarakimu 13, ambayo hapa nchini hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba.

Sehemu ya tatu ni ya fedha. Tuseme nakala 300 zimegharimu shilingi 1,200,000. Kila nakala imekula shilingi 4,000, wala hujalipa nauli ya kuzichukua. Ukiuza kwa shilingi 4,000 umefanya kazi bure. Nyumbani kwangu tunao watoto watatu shuleni. Mama watoto alikubali kitabu kwa sharti moja, kwamba fedha ya ada isichanganywe na ya chapa, naye hulikagua daftari kila Jumamosi jioni. Hana aibu kuuliza, nami sina budi kujibu.

Sehemu ya nne ni ya watu. Andika jina la kila aliyelipa mbele, tarehe, kiasi, na siku atakapopewa nakala yake. Vitabu unavyowaachia wenye maduka kwa mali kauli viandike siku hiyo hiyo, na mwenye duka atie sahihi. Mjane aliyetoa shilingi 6,000 kwa kitabu ambacho hajakiona amekupa zaidi ya fedha: amekupa imani yake. Karani akiipoteza hiyo, ataaminiwaje tena kijijini?

Katika sehemu hiyo ya nne lipo jina la mzee mmoja wa Pangani. Alinipa ngano tatu, nami nikamwahidi nakala ya kwanza. Alifariki mwaka jana, kabla ya chapa. Mbele ya jina lake nimeandika jina la mwanawe: nakala moja, bila malipo. Ahadi iliyo kichwani huweza kufa pamoja na mtu, lakini iliyo daftarini hudai mpaka itimizwe.

Basi, msomaji, usikimbilie kiwandani. Anza dukani, ukanunue daftari.