Mgeni wa Mwaka Kogwa

Wengi wetu tuliotoka bara la Kenya kwenda kufanya kazi katika nchi za jirani twajua sana kupeleka fedha nyumbani kila mwisho wa mwezi, lakini ni wachache waliopata kumwita mzazi aje kuona mahali wanapokaa. Kwa sababu hiyo nataka kuwaeleza wasomaji habari za baba yangu, mkulima wa Machakos, alipokuja kunitazama huku Unguja, ambako kazi ya ukarani imenileta. Ilikuwa mwezi wa Julai 2023.

Yapasa niseme kwanza kwamba Baba hakuja kutembea tu. Alikuja na neno. Tangu nilipoondoka alikuwa akisema kwamba mtoto aliyevuka maji amekwisha potea. Tena katika shamba letu iko sehemu yangu, na mdogo wangu aliitaka, kwa kuwa mimi sikuwapo kuilima. Baba alikataa kukata shauri mpaka anione kwa macho yake.

Basi akashuka Mombasa kwa treni, akapanda basi, akavuka mpaka Lunga Lunga, akapita Tanga hadi Dar es Salaam, nami nikampokea huko. Tukapanda boti. Safari haikufika saa mbili, lakini Baba alinyamaza muda wote, mkono mmoja umeshika kofia na mwingine umeshika kiti.

Siku mbili za kwanza nilimtembeza mjini. Nilimwonyesha Forodhani, na njia nyembamba za Mji Mkongwe, na kanisa la Mkunazini lililojengwa mahali palipokuwa na soko la watumwa. Watoto walimwamkia, “Shikamoo, babu!” naye akawajibu, “Mzuri!” wakacheka sana, mpaka jirani akamfundisha kusema “Marahaba.” Usiku wa pili akaniambia, “Majumba nimeyaona, mwanangu. Lakini ukiugua usiku, nani hukuletea maji?” Nilimjibu kwamba majirani ni wema. Akatikisa kichwa, wala hakuridhika.

Siku ile ile mwenzangu wa ofisini, mzaliwa wa Makunduchi, alikuwa ametualika kwao kwa Mwaka Kogwa. Makunduchi iko kusini kabisa mwa kisiwa, mwendo wa zaidi ya saa moja kwa motokaa. Ukisha pita Kitogani unaona nchi ya mawe matupu ya matumbawe, na watu hupanda muhogo na mbaazi katika vishimo vya udongo vilivyo kati ya mawe. Baba aliomba motokaa isimame. Akashuka, akauvunja udongo kwa vidole, akasema, “Watu walimao hapa si wavivu.”

Sikukuu hii ni ya mwaka mpya wa jua, uitwao Nairuzi, na asili yake yasemekana ni Uajemi. Wakulima na wavuvi wa pwani tangu zamani wameuhesabu mwaka huo kwa miongo 36, kila mwongo siku kumi, na mwisho zikabaki siku tano, jumla siku 365. Kwa hesabu hiyo walijua wakati wa kupanda na wakati wa upepo kugeuka. Neno kogwa maana yake ni kuoga, yaani kuuosha mwaka uliokwisha pamoja na mabaya yake.

Tulipofika uwanjani watu walikuwa wengi ajabu. Wanaume wa upande wa kaskazini na wa kusini wakaingia kupigana kwa mabua ya migomba, ambayo huuma ngozi lakini hayavunji mfupa. Mwenye kinyongo na mwenziwe hukitoa hapo, na kikisha toka hakirudishwi tena. Wanawake nao, wamevaa nguo zao nzuri, wakazunguka wakiimba nyimbo za mzaha na mapenzi. Halafu mzee mmoja akaingia katika kibanda cha makuti, kikatiwa moto, naye akatoka salama akakimbilia vichakani, na watu wakashangilia.

Baba ni mzee wa kanisa, akasema kwamba mambo ya kibanda si yake. Lakini mapigano yalimpendeza mno. “Kwetu,” akasema, “watu wawili hugombania mpaka wa shamba kortini miaka kumi. Hawa wamemaliza kabla ya adhuhuri, kwa mgomba!”

Baadaye tukaketi mkekani nyumbani kwa mwenzangu, tukaletewa wali wa nazi na samaki. Ni desturi ya Makunduchi kwamba siku hiyo kila nyumba ipate mgeni, na asiye na mgeni huhuzunika. Mama wa nyumba akamwambia Baba, “Mwaka huu mgeni wetu ni wewe.” Kisha akaanza kunishtaki: “Mwanao huyu ni mkaidi. Alipopatwa na homa nilikaa mjini siku tatu nikimpikia uji, na kila siku alitaka kuukataa!”

Baba akaweka tonge chini, akanitazama, kisha akamtazama yule mama. Akasema neno moja tu, “Ahsante,” na sauti yake haikuwa ya kawaida.

Kabla ya kurudi Machakos alinipa shauri lake. Mdogo wangu atailima sehemu yangu na kula mavuno yake, lakini mikonge ya mpaka haitang'olewa, na siku nitakaporudi itakuwa yangu. Nami nilikubali kwa moyo mweupe.

Ndugu wasomaji mlio ugenini, waiteni wazazi wenu wangali na nguvu za kusafiri. Chagueni majira ambayo wenyeji wanasherehekea, kisha mwaketishe pamoja nao penye chakula. Mzazi hasafiri mbali hivyo ili aone majumba. Anataka kujua kama mtoto wake ana watu.