Barua kutoka Maposeni: Sikiliza Puli

Mdogo wangu mpendwa,

Mama mkubwa ni mzima, mahindi yamekwisha kuvunwa, na baridi ya asubuhi huku inakufanya ukumbatie kikombe cha chai. Mimi pia ni mzima, ila mita mia mbili za mwisho kuingia Maposeni tulisukuma Hilux kwa mikono. Nakuandikia kwa sababu na wewe una Noah, na unabeba watoto.

Mlio ulianza tukipanda milima ya Lukumburu, kama ndege anayelia ndani ya boneti. Madaba ukanyamaza, nami nikashukuru. Tulipita Songea mjini, tukashika njia ya Peramiho, na karibu na nyumbani taa nyekundu ya betri ikawaka. Nikadhani ni betri. Kumbe mkanda ule ule unaozungusha alteneta ndio unaozungusha pampu ya maji. Ukikatika au ukitoka, vyote viwili vinasimama. Ndani ya dakika chache mshale wa joto ulikuwa juu. Nilizima injini papo hapo, na hilo ndilo lililookoa silinda hedi.

Fundi wa hapa kijijini, aliyesomea ufundi Peramiho, kule Wabenediktini walikoanzisha misheni mwaka 1898, hakugusa kitu mpaka injini ipoe. Mfuniko wa rejeta ya moto, alisema, haufunguliwi: maji yaliyobanwa mle yanaweza kupita nyuzi 100, na yakipata upenyo yanakurukia usoni. Kisha akashika feni kwa mikono miwili, akaitikisa mbele na nyuma. Ikacheza. “Beringi ya pampu imekwisha,” akasema.

Akanionyesha kitundu kidogo chini ya pampu, na michirizi ya kahawia iliyokauka. Kitundu hicho kimewekwa makusudi: sili ya ndani ikichoka, maji yanatokea hapo ili uyaone mapema. Michirizi ile haikuwa ya siku moja. Nilikuwa nayo tangu Dar es Salaam, sikuinama kutazama.

Chanzo ni mkanda uliokazwa kupita kiasi. Miezi michache iliyopita ulikuwa unalia, tukapeleka gari gereji, ukakazwa mpaka ukawa kama uzi wa gitaa. Mkanda wa namna hiyo unaivuta puli ya pampu upande mmoja saa zote. Beringi inalika, shafti inayumba, sili inapasuka, maji yanaifikia grisi ya beringi, na puli ikishayumba inautafuna mkanda. Mkanda ukilegea nao unateleza, unalia, na pampu inazunguka pungufu. Kipimo chake ni hiki: bonyeza kwa dole gumba katikati ya puli mbili, ubonyee kama sentimita moja hivi, ingawa kila gari lina kipimo chake.

Pampu mpya ililetwa na bodaboda kutoka Songea. Nilitaka ifungwe mara moja, lakini fundi akachukua kioo cha dirisha, akaweka puli ya zamani juu yake, akaniita. Upande mmoja ulikaa, upande wa pili uliacha nafasi ya kupitisha wembe. Matundu ya bolti yalikuwa yametanuka, hayana tena uduara, kwa kuwa bolti zilikuwa zimelegea na puli ikawa inagonga. “Ukifunga hii kwenye pampu mpya,” akaniambia, “utarudi kununua nyingine.” Tukaagiza na puli. Tumelala siku moja zaidi, na sijutii.

Ndiyo maana nasema nawe, mdogo wangu. Pampu kila mtu anaitaja, mkanda kila mtu anaujua, lakini puli hakuna anayeiuliza hali yake. Kesho kabla hujawasha Noah, tazama kama kuna unga mweusi wa mpira karibu na mkanda, na kama kuna michirizi kwenye pampu. Ukishawasha, simama pembeni uitazame puli inavyozunguka: ikitulia, nenda, ikiyumba, mpeleke mtoto shule kwa daladala na gari liende kwa fundi.

Jumamosi tunaanza safari ya kurudi. Mama mkubwa amekufungia maharage, na ameniuliza mara mbili kama gari lako ni zima. Nijibu kwa simu baada ya kuinama chini ya boneti, ili nimpe jibu la kweli.

Dada yako