Muulize Mchongaji: Mti Huu Uliangukia Wapi?

Kama wewe na mwenzi wako mmechoka na foleni, mabosi na simu zisizokoma, tengeni wikendi moja kwa ajili ya Pwani ya Kenya. Ila safari hii msiishie ufukweni tu.

Anzieni Gede, kwenye barabara ya Mombasa kwenda Malindi. Hapo mtaukuta Msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa kama kilomita 420 za mraba. Ingieni alfajiri na mwongozaji, mkae kimya. Mkibahatika mtamwona mnyama mdogo mwenye pua ndefu kama mkonga na makalio ya rangi ya dhahabu. Usiku ni zamu ya bundi wa Sokoke, ambaye urefu wake haufiki hata sentimita 20. Wazee husema bundi ni nuksi, lakini kwa huyu nuksi ni msumeno: inaaminika anazaa kwenye matundu ya miti mikongwe, na miti hiyo inakatwa kwa wizi.

Mmojawapo ni muhugu. Mbao yake ni ngumu, inanukia vizuri, na kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa kipenzi cha wachongaji. Tatizo ni kwamba unakua taratibu mno. Aukataye leo hatauona mwingine ukifikia unene ule.

Usikimbilie kuwalaumu wachongaji, jamani. Sanaa hii inasemekana ililetwa Ukambani na Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyejifunza kwa Wazaramo wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Tangu hapo imelipa karo na kujenga nyumba nyingi. Ukiwaambia waache, watoto wao watakula nini?

Jibu liko mashambani. Mkirudi Mombasa, piteni Changamwe, kwenye ushirika wa wachongaji wa Kikamba. Ulizeni vinyago vya mwarobaini au mwembe. Mwarobaini unakua haraka, na uchungu wake huwakera wadudu. Mwembe uliozeeka ukaacha kuzaa, au ulioangushwa na upepo, unampa mwenye shamba pesa badala ya kuishia kuni. Hakikisheni tu kwamba mbao imekauka vizuri, la sivyo twiga wenu atapasuka sebuleni. Kukausha kunachukua muda, kwa hiyo msimkamue fundi kwenye bei.

Na msidanganyike na neno "ulianguka wenyewe". Gogo lililolala msituni bado lina kazi: ni makao ya wadudu, chakula cha ndege, na likioza ni mbolea ya miche. Anayeliokota bila kibali leo, kesho atakuja na shoka.

Basi kabla hujatoa pochi, uliza: mti huu uliangukia wapi? Akisema shambani na akakutajia kwa nani, lipa. Akianza kubabaika, kirudishe kinyago mezani, umshike mwenzi wako mkono, mwende meza ya pili.