Yule Mama wa Kanyabayonga

Kanyabayonga, mashariki mwa Kongo, ilipochukuliwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Juni 2024, watu walipanda barabara kuja kwetu Alimbongo usiku na mchana. Magodoro kichwani, watoto mgongoni ndani ya vitenge vilivyolowa, maana kwetu huku ni juu, zaidi ya mita 2,000, na ukungu hushuka hata saa za mchana. Nilimpokea mama mmoja na watoto wanne. Tulisogeza mifuko ya mbegu za viazi ukutani, wakalala hapo.

Chakula nilimpa. Nikampa na maneno. Mimi nilikuwa mama wa maombi, mistari ya Biblia naijua. Yeye na mume wake walipotezana njiani, hajui kama mumewe yu hai. Jioni ile ile nikamwambia kwamba Mungu ndiye anayetawala, asinung'unike, labda kuna jambo anafundishwa. Akajibu, "Ndiyo, mama," akageukia moto. Nikaenda kulala nikiwa na amani.

Moyoni nilikuwa na hakika ambayo sikuwahi kuitamka: vita havitafika Alimbongo, kwa sababu sisi tunafunga na kuomba. Utawala wa Mungu kwangu ulikuwa ua wa shamba langu.

Yeye akaendelea na safari hadi Butembo. Katikati ya Desemba vita vikafika kwetu. Tulitoka alfajiri na nguo tulizovaa. Mbegu zikabaki ukutani, na viazi vingine vikabaki udongoni. Tukatembea mpaka Lubero, kisha tukapata lori, tukapita Musienene, tukashuka Butembo, tukalala kwenye darasa la shule pamoja na familia nyingine.

Hapo niliacha kuomba. Ibadani wenzangu waliimba, mimi nikasimama nimefumba mdomo. Watu wema walikuja kunitia moyo: Mungu anatawala, mama, usinung'unike. Maneno hayo niliyajua. Yalikuwa yangu, na sasa nilionja uchungu wake.

Siku moja akaingia yule mama, na bidoni ya maji na sufuria ya sombe. Akakaa chini karibu yangu, hakusema kitu. Kesho yake akarudi, vile vile. Siku ya tatu nikamwuliza, "Mama, mbona huniambii neno?"

Akasema, "Mama, mimi bado namlilia Nyamuhanga, Mungu wetu, kwa ajili ya mume wangu. Nimekuja tulie wote."

Tangu nitoke Alimbongo sikuwa nimelia. Siku hiyo nililia mpaka watoto wakaogopa, na katikati ya kilio nikasikia ninamwita Mungu, namwuliza kwa nini, namtajia hata mbegu zangu. Nilikuwa ninaomba tena, tena kwa ukweli ambao sikuwa nao nilipokuwa mama wa maombi.

Baadaye nilisoma upya kitabu cha Ayubu. Rafiki zake walikaa naye chini siku saba, kimya. Kosa lilianza walipofungua midomo kumtetea Mungu. Na mwishoni Mungu anawakasirikia wao, anasema Ayubu ndiye aliyenena yaliyo sawa. Ayubu yule yule aliyelalamika! Miaka yote nilikuwa upande wa wale rafiki, na sikujua.

Bado ninaamini kwamba Mungu anatawala. Kama hatawali, malalamiko yangu nitampelekea nani? Sasa ninamwegemea nikiwa sina shamba, na sijui kama nitarudi.

Nilimwomba yule mama msamaha. Akanishika mkono tu.

Februari 2025 Lubero nayo ikachukuliwa, na darasani wakafika watu wengine. Mama mmoja kati yao alikaa kuelekea ukuta, hali wala hasemi. Tulimwendea wawili, mimi na yule mama wa Kanyabayonga, na bidoni ile ile. Mistari ilinijia mdomoni. Nikaimeza, nikavuta beseni, nikaanza kumenya viazi.