Kopo la vidonge vya njano

Ninaandika nikiwa Bunia, lakini kosa lenyewe nililifanya upande wa Aru, mwaka 2015, nilipokuwa muuguzi wa dispensari ndogo. Tulikuwa na kopo la vidonge 1,000, rangi ya njano mpauko, lebo yake diazepamu. Mama akija na mtoto mwenye homa aliyekesha akilia, nilitoa dawa ya malaria na kuongeza nusu ya kidonge hicho ili mtoto alale. Diazepamu haitibu homa. Nilijua, na nikatoa.

Mtoto mmoja alirudishwa kesho yake shingo imepinda, ulimi nje, macho yameganda juu. Nikasema ni homa ya uti wa mgongo. Mama yake akaniuliza, "Muganga, si ile dawa ya usiku?" Nikamjibu kwamba dawa ile hulegeza misuli, nikamsagia mtoto nusu nyingine. Hilo ndilo ninaloungama. Yeye alikuwa anamtazama mtoto. Mimi nilitazama lebo.

Kati ya Desemba 2014 na Agosti 2015, zaidi ya watu 1,000 walilazwa na dalili kama hizo kaskazini mashariki mwa Kongo, karibu nusu yao watoto chini ya miaka 5. Wengine walikufa. Jibu lilikuwa ndani ya kidonge. Sehemu kubwa ya kidonge ni wanga na vitu vya kukishikamanisha. Dawa yenyewe ni kidogo mno. Maabara hukisaga, huutikisa unga ndani ya kimiminika kama methanoli hadi dawa iyeyuke, huchuja makapi, kisha hulinganisha kimiminika kilichobaki na dawa halisi. Vidonge vile havikuwa na diazepamu. Vilikuwa na haloperidoli, dawa ya wagonjwa wa akili, miligramu 10 hadi 20 kila kimoja. Shirika la Afya Duniani likatoa tahadhari Julai 2015.

Mtoto yule alipona. Nilimwendea mama yake nikamweleza yote. Alinyamaza sana, kisha akauliza kama kopo bado lipo rafuni. Lilikuwepo.

Wauguzi wenzangu wa Bunia, Mahagi na Aru: mzazi akiitaja dawa uliyompa jana, isimamishe kwanza, funga vidonge vyake pamoja na kopo, uvipeleke ofisi ya zoni ya afya siku hiyo hiyo.